Jina Kwenye Bati

Odette alinipigia simu baada ya miaka kumi na moja ya kuninunia, na hakunipa hata salamu. "Mama alikufa," alisema. "Kesho njo tunamuzika. Kuya, na ulete makasi ya kukata mabati." Kisha akakata. Nilikuwa dukani kwangu, ninakouza misumari, rangi na mabati, na wateja wawili walikuwa wakibishana nami juu ya bei ya kufuli. Niliwauzia kwa bei waliyotaka wao, jambo ambalo silifanyi kamwe, nikafunga mlango na kuketi juu ya mfuko wa saruji. Mikasi ya bati ninayo mingi, inaning'inia ukutani nyuma ya kaunta. Nilichagua mkali kuliko yote, nikaufunga katika gazeti, na sikuthubutu kumpigia tena kumwuliza ni wa kazi gani.

Maman Mwadi hakuwa mama yangu wala shangazi yangu. Alikuwa mbia wangu, kwa mwaka mmoja tu, na mwaka huo ndio ulionifanya niwe mtu asiyetaka ubia na yeyote. Watu wamenijia na fedha mkononi, tufungue duka la pili, tulete mabati kutoka Zambia. Nawapa soda baridi, nawasikiliza mpaka mwisho, nawasindikiza hadi barabarani. Wananiita mchoyo. Waniite tu. Hawajui kwamba nilikuwa na mbia niliyemtia hatarini kwa kutaka kumheshimu, na kwamba siku alipohitaji nimtetee, nilimuua kwa mdomo wangu.

Nilikuwa na miaka ishirini na tisa. Ilunga, mwenzangu, alikuwa mwoka mikate tangu ujana wake. Alijua kwa kuweka kiganja mbele ya mdomo wa tanuri kama joto limefika. Mimi nilijua kuuza na kusema sana. Sote wawili tulikuwa tumechoka kuhangaikia mikate ya watu wengine. Maman Mwadi, mjane, aliuza makala, yaani mkaa, karibu na daraja la Naviundu, nasi tulinunua kwake, na siku moja alituita kwake Ruashi tukale. Naikumbuka salon yake, sebule ya wageni, kuliko vyumba nilivyolala mwenyewe: sakafu ya saruji nyekundu iliyosuguliwa kwa nta, viti vinne vyenye vitambaa vya kufuma mgongoni, dirisha kubwa la kuelekea barabara. Alitupa bukari, ugali wetu, na sombe, majani ya muhogo yaliyokolea mawese, na dagaa wa ndakala wa kukaanga, akangoja tushibe ndipo aseme. Alikuwa ameuza shamba lake la Mitwaba. "Miye sitaki kuzeeka na makala ku mikono," alisema. "Feza ya shamba nitaitia mu mukate yenu. Lakini hii nyumba, hapana. Matofali yake nilichoma miye mwenyewe, chumba moja, kisha ingine, miaka kumi. Musiiguse." Odette, binti yake, aliyekuwa wa umri wangu, aliweka sahani chini akatutazama. "Mumesikia?" Tukasema tumesikia.

Ili nyumba isiguswe, tulikwenda kwa mwanasheria, mtu mwembamba tuliyemwita Maître tu, kama kila mtu anavyowaita wanasheria. Ofisi yake ya mjini ilikuwa na feni iliyogeukia upande mmoja, kwa hiyo upepo ulimfikia yeye, sisi tukabaki na jasho letu. Alituchagulia kampuni yenye wabia wa aina mbili. "Ilunga na Kapinga, ninyi ni commandités," alieleza. "Munaongoza, munasaini, na kampuni ikianguka, munaanguka nayo na byote: kitanda, pikipiki, hata sufuria. Mwenye kuwadai anaweza kufuata mumoja ao bote wawili. Maman yeye ni commanditaire. Anatia ile anatia, na ikipotea, anapoteza ile tu. Nyumba yake hapana." Maman Mwadi alimwomba aseme tena ile sehemu ya nyumba, naye akaisema tena, polepole. Kisha akainua kidole: kinga hiyo ina masharti. Maman asiiongoze biashara mbele ya watu wa nje, na jina lake lisiingie kabisa katika jina la kampuni, kwa sababu anayesoma jina mlangoni huamini kwamba mwenye jina yuko nyuma ya mlango huo na mali yake yote. "Jina ikiingia, yeye pia anakuwa kama ninyi," alisema. Nilisikia. Nisidanganye hapa, nilidanganya vya kutosha mwaka ule. Nilisikia kila neno, nikatikisa kichwa, huku mawazo yangu yakizunguka katika duka la mikate ambalo lilikuwa bado halijajengwa. Kwenye makaratasi tuliandika jina lisilo la mtu, Mukate ya Asubui, tukasaini, tukaenda kunywa munkoyo, togwa ya mahindi.

Sasa kuna jambo la kwetu ambalo Maître hakuliweka katika masharti yake. Mtoto akizaliwa, wazazi wakampa jina la mtu aliyewafaa, mtu huyo haulizwi kwanza. Kumwuliza ni kumtia aibu, kana kwamba ungetegemea akatae. Unampelekea habari tu kwamba amezaliwa, naye anakuja na kitenge, sabuni na poda, anambeba mtoto mwenye jina lake, na tangu siku hiyo mtoto huyo ana mzazi wa ziada. Kulikataa jina ni karibu na kumlaani mtoto. Basi tanuri lilipokuwa tayari pale Naviundu, nikalitazama, nikaona haya. Shamba zima la Mitwaba limegeuka kuwa tanuri, na mwenye shamba hatajwi popote. Nikamtafuta mchoraji, akapaka bati rangi ya bluu, akaandika kwa herufi nyeupe: juu BOULANGERIE, na chini yake, kubwa zaidi, MAMAN MWADI. Ilunga alikuna kidevu. "Na ile maneno ya Maître?" Nikamjibu haraka, kama ninavyowajibu watu mpaka leo. "Ile iko ya makaratasi. Bati haiko karatasi." Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ila guu lililovunjika halikuwa langu.

Nilituma mtu amwambie Maman Mwadi kwamba yeye mwenyewe amezaliwa. Alikuja amevaa vizuri kama wa kwenda misa, na kikapu kichwani: kitenge kipya, miche miwili ya sabuni, kopo la poda. Akasimama mbele ya bati muda mrefu, mpaka nikaogopa kwamba nimemkosea. Kisha akachovya kidole katika poda akapaka pembe ya bati, kama wanavyompaka mtoto mchanga shingoni. "Basi nilizaliwa tena," alisema. "Mukuwe, mutoto yangu, mulishe bantu." Odette alipiga vigelegele hadi wapita njia wakasimama. Alikuwa na furaha, na hilo ndilo lililomfanya anichukie zaidi baadaye. Hakuna hata mmoja wetu siku ile aliyemkumbuka Maître na kidole chake.

Jirani yetu aliitwa Papa Kalala, mtu wa Kasai kama wazazi wangu, mpole, mwenye sauti ndogo iliyokulazimu umsogelee. Depo yake, ghala la kuuzia, ilijaa magodoro hadi darini. Tanuri letu halikuwa na nafasi isipokuwa liegemee ukuta wake, nasi tulikwenda kumwomba tukiwa tumejiandaa kwa maneno mengi. Alitoka nje, akalisoma bati, akarudi. "Iko sawa," alisema. "Muegemeze." Nilidhani ni ulimi wangu uliomlainisha. Kwa miezi saba mambo yalikwenda, mikate ilikwisha kabla ya saa mbili asubuhi, na Maman Mwadi aliacha kuuza makala. Mvua zilipoanza, kuni za mikaratusi zilitufikia mbichi, nasi tukafanya kama waoka mikate wengi wa hapa wanavyofanya: tukazipanga juu ya tanuri zikauke kwa ajili ya kesho. Ilunga alipanga safu mbili. Mimi ndiye niliyesema safu mbili hazitoshi, aongeze, azibananishe na ukuta mpaka karibu na paa. Aliongeza.

Ilikuwa saa tisa mchana, tumekaa nyuma tunakula viazi vitamu. Ilunga ndiye aliyeinua kichwa kwanza na kunusa. Tulipofika mbele, kuni za juu zilikuwa zinawaka na moto ulikuwa umeshapita kwenye dari kwenda kwa jirani. Godoro likishika moto halina mzaha. Moshi mweusi ulitoka kwa Papa Kalala mzito hata barabara ikapotea, na watu waliokuja na ndoo walirudi nyuma wakikohoa. Hakufa mtu, na kwa hilo nashukuru kila siku. Lakini jioni Papa Kalala alikuwa amesimama barabarani ameshika funguo za mlango ambao haukuwepo tena. Upande wetu paa lilianguka lote. Bati la jina tu ndilo lililobaki kwenye nguzo zake, limeungua pembe moja, na ungeweza kulisoma ukiwa ng'ambo ya barabara.

Siku chache baadaye alikuja huissier, mtu wa mahakama, kuorodhesha tulicho nacho. Kwangu aliandika kitanda, friji na meza. Kwa Ilunga aliandika pikipiki. Alipekua hadi chini ya sinki, na alipomaliza hakuwa amejaza hata ukurasa mmoja. Kisha akatupeleka pale palipoungua, akaelekeza kalamu yake juu kwenye bati. "Na huyu Maman Mwadi, ni nani?" Ilunga aliniangalia. Niliiona ile salon, sakafu nyekundu, matofali aliyoyachoma kwa mikono yake, na mdomo wangu ukafunguka wenyewe. "Ni nkambo yangu," nilisema, kana kwamba alikuwa bibi yangu. "Alikufa zamani. Tuliweka jina juu ya kumukumbuka." Akaandika. Kwanza nilisikia nafuu, kama mtu aliyetua mzigo. Baadaye, njiani kurudi, nikaingiwa na hofu, kwa sababu kumtaja mtu mzima wa afya kuwa marehemu si neno la kuchezewa kwetu, na nilikuwa nimelisema juu ya mwenye jina, mbele ya jina lake.

Kesho yake Odette alikuwa mlangoni kwangu. Habari ilikuwa imeshamfikia. Hakuketi. "Ulisema mama alikufa?" aliuliza. "Njo vizuri. Usibadilishe. Ulimupa jina bila kumuuliza, sasa ushike uongo yako mpaka mwisho. Na ile bati, uiondoshe leo." Nilikwenda mchana uleule na nyundo katika mfuko, nikijua kwamba majirani wote wataniona na kwamba kila mmoja ataelewa ninachofanya. Nilipofika, nguzo mbili zilikuwa wazi. Bati halikuwepo. Ilunga naye hakujua. Tuliwauliza wauza mkaa, wauza vocha, hakuna aliyetaka kusema. Tulikubaliana kwamba mwanasheria wa Papa Kalala amelichukua liwe ushahidi. Tulingoja wiki mbili. Nilipomwona Maman Mwadi kwa mbali sokoni niligeuza njia. Nilimwogopa aliye hai kuliko ambavyo ningeogopa mzimu.

Siku ya kukutana na Papa Kalala juu ya hasara yake ilifika. Tulikaa katika ofisi ileile ya Maître, chini ya feni ileile: Papa Kalala na mwanasheria wake upande mmoja, Ilunga na mimi upande wa pili. Mwanasheria wake alisoma orodha ya vitu vyetu kwa sauti, na aibu ya kusikia sufuria zako zikisomwa ofisini usiombe ikukute. Kampuni haina kitu, alisema, na hawa wabia wawili wenye kubeba yote hawana kitu. Akageuza karatasi. "Na huyu marehemu Mwadi," alianza. Mlango ukafunguka. Maman Mwadi aliingia amevaa kile kitenge cha siku ya bati, na kwapani amebeba kitu kipana kilichofungwa kwa nguo. Odette alikuwa nyuma yake anamvuta mkono.

"Nimesikia nilikufa," alisema Maman Mwadi. "Njo nimekuya kuangalia matanga yangu."

Akaketi bila kukaribishwa, akafungua nguo, akaliweka bati juu ya meza, juu ya makaratasi ya watu. Ni yeye aliyeling'oa, siku ileile ya habari, akalibeba kichwani hadi Ruashi. Nilitazama sakafu. Maître alikuwa wa kwanza kupata sauti. "Maman, mbele ya kusema kitu, unisikilize vizuri. Hii jina, walikuuliza? Ulikubali?" Nilijua anachofanya. Alikuwa anamfungulia mlango. Akisema hapana, jina limewekwa bila ridhaa yake, basi Maître angepata pa kusimama mahakamani, na nyumba ingekuwa na ngao. Si ngao ya chuma, lakini ngao. Odette alijua pia. "Useme hapana, mama," alimnong'oneza. "Useme haukujua. Iko kweli, hawakukuuliza."

Maman Mwadi aliwapa mgongo wote wawili. Alimgeukia Papa Kalala. "Papa Kalala, ile siku batoto bangu balikuomba ukuta, uliwapa juu ya nini?" Papa Kalala aliinua macho kwenye bati. Kisha tukasogea mbele sote kumsikia. "Nilisoma jina, Maman," alisema. "Hawa batoto sikuwajua. Lakini weye nilikununulia makala miaka mingi, na haujawahi kunipunguzia gunia. Nikasema, kama ni Maman Mwadi, iko sawa." Hapo ndipo nilipojua kwamba si ulimi wangu uliompa imani, na hapo ndipo nilipoelewa pia ile sheria, ambayo nilikuwa nimeiona kama maneno ya makaratasi. Maman Mwadi alitikisa kichwa taratibu, mara nyingi. "Basi jina ilifanya kazi," alisema. "Na nilileta sabuni, nilileta poda. Nilibeba mutoto siku ya mukate. Siwezi kumukana siku ya moto." Odette alitoka nje, akaubamiza mlango.

Kisha akanigeukia mimi. "Na weye, Kapinga. Uliniua juu ya nini?" Nikamwambia ni kwa ajili ya nyumba, niliogopa wataichukua. Sikuwa nasema, nilikuwa nalia, mimi ambaye silii mbele ya watu. Alinitazama bila hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Jina hatuulizake," alisema. "Lakini kufa, ungeniuliza."

Papa Kalala hakutaka kuuza nyumba ya mjane. Alisema hawezi kulala juu ya fedha hizo. Alihitaji mahali pa kuanza tena, panapoonekana na wapita njia. Basi Maître akaandika, na Maman Mwadi akasaini: vyumba viwili vya mbele, pamoja na salon yenye dirisha kubwa, viwe depo ya Papa Kalala bila kodi mpaka hasara yake irudi. Sakafu nyekundu ilifunikwa na magodoro. Viti vinne vilihamia nyuma, vikapangwa kimoja juu ya kingine katika chumba alicholala na wajukuu. Ilunga alikwenda Mitwaba kuoka mikate huko na kutuma kidogo anachopata. Mimi niliuza misumari ya watu mpaka nikauza ya kwangu, na kila mwezi nilipeleka fungu langu kwa Papa Kalala pale dirishani. Nikitoka hapo nilizunguka nyuma, Maman Mwadi ananipa bukari, tunazungumza juu ya mvua. Odette alikuwa anainuka na kutoka kila nilipoingia. Na Maman Mwadi alirudi darajani. Yeye aliyesema kwamba hataki kuzeeka na makala mikononi, alizeeka nayo. Sijawahi kumwomba msamaha kwa hilo kwa maneno. Nilidhani fungu la kila mwezi linasema, na sasa najua halikusema kitu.

Papa Kalala alihama mwaka jana. Alilipaka jengo rangi kabla ya kuondoka, bila kuombwa. Maman Mwadi alirudisha viti salon, akasugua sakafu kwa nta, akakaa dirishani kwake miezi michache tu. Na juzi nilipofika na mkasi wangu katika gazeti, nilimkuta amelazwa katika salon ile, juu ya sakafu ile, wanawake wameketi kando ya kuta wakiimba kwa sauti ya chini. Ilunga alikuwa amefika kutoka Mitwaba na mvi kichwani. Papa Kalala aligawa viti vya plastiki uani. Odette alinishika kiwiko kabla sijaketi, akanipeleka nyuma ya jikoni.

Bati lilikuwa limeegemezwa ukutani. Bluu yake imefifia, pembe moja bado ni nyeusi, lakini lilikuwa limefutwa vumbi miaka yote hiyo, hilo lilionekana. Kando yake ulilala msalaba wa mbao usio na jina. Odette alipitisha kidole katikati ya mistari miwili, chini ya BOULANGERIE, juu ya MAMAN MWADI. "Utakata hapa," alisema. Nikamwambia dukani nina bati jipya, nitaita mwandishi sasa hivi, ataandika vizuri, na tarehe zake. Akakataa kwa kichwa. "Hii jina aliilipa. Atalala nayo."

Nilifungua gazeti nikatoa mkasi. Niliinama, nikaweka meno yake kwenye ukingo wa bati. Nikainua uso.

"Nikate?" nilimwuliza.

Odette alinitazama, macho mekundu. "Leo tu njo unauliza," alisema. Akapiga magoti mbele yangu, akashika upande wa pili wa bati kwa mikono yote miwili lisitikisike, na mimi nikakata.